Toyota Vitz toleo la kwanza, Tanga: nishushe na kuweka rimu za 15?

Swali: Wakuu, nina Vitz SCP10 ya sisi 1000, tairi 165/70R14. Nataka kukata springi, kufunga rimu za 15 na taa za wati 100. Nianze na lipi?

Jibu: Mdogo wangu, springi usikate. Iliyokatwa inalegea kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia, shokapu inagonga mwisho kila tuta, tairi zinaliwa upande wa ndani. Ukishindwa kabisa kuiacha, nunua springi fupi za kiwandani, upime alaimenti (mpangilio wa magurudumu) siku hiyohiyo.

Jibu: Rimu sawa, ila chagua za 4x100, yaani matundu manne ya boliti kwenye duara la milimita 100. Tundu la katikati la Vitz ni milimita 54.1, la rimu likiwa kubwa zaidi, weka pete za kati za kuziba nafasi kati ya rimu na habu (kitovu cha gurudumu), la sivyo usukani utatetemeka ukikimbia. Tairi chukua 185/55R15, kimo kinapishana na cha zamani kwa milimita 2 tu, spidomita haitadanganya. Nati kaza kwa spana ya kipimo hadi Nm 103 (nyutoni-mita), rudia baada ya kilomita 100.

Jibu: Taa mbili za wati 100 zinavuta karibu ampea 17. Soketi ya balbu ya H4 itayeyuka! Baki na wati 60/55, sugua vioo vya taa kwa msasa wa maji 1000, kisha 2000, malizia na polishi. Breki kwanza, jamani, urembo baadaye.

Muuliza: Springi naziacha. Pete za plastiki au alumini?

Jibu: Plastiki. Kwa chumvi ya bahari yetu, alumini hung'ang'ania kwenye habu.