GATE ya India: mtu wa Mombasa yamfaa?

FundiKisauni: Asalaam aleikum wakubwa. Nina digrii ya uhandisi wa umeme, kazi ni kuchomwa jua juu ya mapaa nikifunga sola. Jirani Mhindi asema nifanye GATE, ule mtihani wa India wa wahitimu wa uhandisi na sayansi, eti napata masters na kazi ya serikali kwa mpigo. Kweli?

BaharaLikoni: Nusu kweli, ndugu yangu. Mtihani wachukua muda wa saa 3, maswali 65, alama 100. Ukikosea swali la kuchagua jibu moja wakatwa theluthi ya alama zake, kwa hivyo usibahatishe ovyo. Matokeo yadumu miaka 3. Lakini mashirika ya umma kama NTPC, lile la kuzalisha umeme, yatafuta raia wa India. Wewe na kitambulisho chako cha Kenya utawaambia nini?

MamaTudor: Mwanangu, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina kampasi Zanzibar tangu 2023, hapo tu! Ina mchujo wake na mahojiano. Ukitaka India yenyewe, tazama udhamini wa masomo wa ICCR, baraza la utamaduni la serikali ya India. Na kazi za bandarini hapa hawaulizi GATE. Jisajili EBK, bodi ya wahandisi Kenya, kwanza.

FundiKisauni: Shukran mama. Zanzibar wafundisha umeme?

MamaTudor: Walianza na data na akili mnemba. Waulize wenyewe.