Fomu niliyounda kwa Dreamweaver inatuma namba ya simu peke yake

Swali

Habari zenu, wanajukwaa. Ninatengeneza ukurasa wa kuandikisha wanafunzi wa masomo ya jioni ya kompyuta, nikitumia Dreamweaver CS6, programu ya kutengenezea kurasa za wavuti, kwa upande wa usanifu, kwa kuwa sijazoea kuandika msimbo kwa mkono. Ndani ya jedwali nimeweka kisanduku cha jina, viduara viwili vya kuchagulia jinsia ("radio button"), kisanduku cha namba ya simu, na kando yake kitufe cha "Tuma". Kwa macho ukurasa umekaa vizuri, lakini mwombaji akibonyeza kitufe, seva inapokea namba ya simu tu. Tena, mtu anaweza kuchagua "Mwanamume" na "Mwanamke" kwa pamoja. Nimefuta na kuanza upya mara 3 bila mafanikio, na usajili unafunguliwa Jumatatu. Naombeni msaada.

Jibu la 1

Ndugu, nadhani matatizo yako yote mawili yana chanzo kimoja. Je, ulipokuwa ukiingiza kila kisanduku, programu ilikuuliza kama iongeze alama ya fomu ("form" katika msimbo), nawe ukakubali kila mara? Ikiwa ndivyo, huna fomu moja, bali una fomu kadhaa ndogo ndogo, kila moja ikiwa imezungushiwa mstari wake mwekundu wa vipande vipande. Usipoiona mistari hiyo, fungua menyu ya "View", kisha "Visual Aids", uwashe "Invisible Elements".

Kitufe cha kutuma hupeleka vile tu vilivyomo ndani ya fomu yake, na chako kimo pamoja na namba ya simu. Viduara navyo huzuiana pale tu vinapokuwa katika fomu moja na vina "name" moja, yaani jina linaloandikwa ndani ya msimbo. Vikitenganishwa, kila kimoja hujitegemea hata kama majina yao yanafanana.

Weka fomu moja kwanza, uingize jedwali lote ndani yake, na visanduku ndani ya jedwali. Usiipachike fomu katikati ya safu za jedwali, kwani HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hairuhusu mpangilio huo. Mimi ningeingia upande wa msimbo na kufuta kila "form" ya ziada, nikibakiza ya kufungua kabla ya jedwali na ya kufunga baada yake. Ni kazi ya dakika chache, na utaielewa fomu yako kuliko ukiburuta vitu kwa kipanya.

Jibu la 2

Naafikiana na aliyetangulia, na ninaongeza machache. Hakikisha kila kisanduku kina "name", kwa sababu kisicho nayo hakitumwi kamwe, hata kikiwa na "id" (kitambulisho chake ndani ya ukurasa). Viduara vipewe "value" tofauti, yaani thamani inayotumwa kwa seva. La sivyo, seva haitajua ni kipi kilichochaguliwa.

Namba ya simu ni maandishi, si hesabu. Nimewahi kuona orodha nzima ya waombaji ambayo sifuri ya mwanzo ilipotea kwa sababu safu ya hifadhidata ilikuwa ya tarakimu, na 0712 ikageuka 712. Tumia aina ya "tel" kwenye fomu na safu ya maandishi kwenye hifadhidata. Ukiweka "required" itamkumbusha mwombaji aliyesahau kujaza, lakini ukaguzi wa kweli ufanyike kwenye seva, kwa kuwa ule wa kivinjari unakwepeka kirahisi.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nimewasha mistari hiyo nikakuta fomu 4: ya jina, ya kila kiduara, na ya simu pamoja na kitufe. Nimebakiza moja, nikavipa viduara "name" ya "jinsia", na sasa taarifa zote zinafika. Limebaki swali moja: nikitaka waambatishe picha ya cheti, kisanduku cha faili kinatosha?

Jibu la 2

Hakitoshi peke yake. Fomu iwe na "method" (njia ya kutuma) ya POST na "enctype" (namna ya kufungasha taarifa) ya "multipart/form-data". Bila hivyo litafika jina la faili tu, picha yenyewe ibaki kwenye simu ya mwombaji.