Laini ya kujaza chupa tumelipia hadi senti ya mwisho, programu ya PLC (kompyuta inayoendesha mtambo) wametufungia paswadi!!

Wakuu nina hasira hapa nilipo. Mimi fundi umeme kiwanda cha maji ya chupa, laini ililetwa na kampuni moja ya mitambo, pesa walishamaliziwa zamani. Jumanne usiku sensa (kihisi) ya kuhesabu chupa kwenye konveya ikafa, ya aina ile mjini hakuna, niliyopata ni nene haikai pale pa mwanzo ikabidi niisogeze sentimita 12 nyuma, kwahiyo chupa inachelewa kufika kwenye nozo, kilichobaki ni kuongeza taima (muda wa kusubiri kwenye programu) sekunde 0.4 basi kazi imeisha.

Nachomeka laptopu kwenye PLC yenyewe, Siemens S7-1200, navuta programu, kila bloku (kipande cha programu) ina kakufuli pembeni. Nikiklik inadai paswadi. Hadi bloku ya taima jamani!

Nawapigia naambiwa hiyo ni siri ya kampuni, fundi wao atakuja wiki ijayo, nauli na posho juu yetu. Kwa sekunde 0.4!

Sipingi kulinda kazi yako. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na wapo wateja wanaompa programu fundi wa pembeni anaenda kuipachika kwenye mashine nyingine, huo ni wizi. Sasa funga ile bloku yako ya kupima ujazo uliyoumiza nayo kichwa, hata ifungie kwenye CPU ya PLC hiyo hiyo isifanye kazi kwingine, inawezekana humo humo kwenye TIA Portal, softwea ya Siemens ya kuandikia programu hizi. Lakini taima na alamu zina siri gani? Si ungeziweka hata kwenye skrini ya opereta! Na paswadi ya bloku ukiipoteza ndo basi, kwahiyo hawa jamaa wakifunga ofisi kesho sisi tunabaki na nini?

Kuna mwenzangu ananiambia nishushe kikraki cha paswadi, sikigusi. 2022 Dragos, kampuni ya usalama wa mifumo ya viwandani, walikuta kimoja cha PLC za aina nyingine, DirectLogic, paswadi kinakupa kweli ila kinakupandikizia kirusi cha Sality, na laptopu hiyo ndo nachomeka kwenye kila mtambo hapa kiwandani.

Saa hizi vijana wanne wanajaza chupa kwa mkono tangu asubuhi na magari ya oda yapo getini. Nani mkataba wake ulimbana saplaya aache paswadi siku ya makabidhiano? Kile kipengele mliandikaje, kiwekeni hapa tafadhali.