Chios, Ugiriki: vijiji vipi vya kale vinamfaa mzee asiyeweza kupanda ngazi?

Swali

Habari zenu. Mwishoni mwa Septemba ninatarajia kwenda kisiwa cha Chios nikiwa na mama yangu, ambaye anapenda sana majengo ya kale ingawa magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi. Tutakodi gari. Kati ya Pyrgi, Mesta, Anavatos na nyumba ya watawa ya Nea Moni, ni wapi panapostahili kupewa muda mrefu? Je, kuna pwani yenye mandhari nzuri inayofikika bila kutembea mbali?

Jibu la kwanza

Ningekushauri mlale Mesta badala ya mjini Chios, ili mkitembelee kijiji asubuhi na jioni, wakati jua halijawa kali na wageni wa kutwa hawapo. Wagenoa, yaani watu wa mji wa Genoa nchini Italia, walikitawala kisiwa hicho tangu 1346 hadi 1566, na vijiji vya kusini vilipangwa kwa ajili ya kujihami dhidi ya maharamia: kuta za nyuma za nyumba za pembezoni, zilizoungana bila kuacha mwanya, ndizo zilizokuwa ukuta wa ngome, na vichochoro vya ndani vimepindapinda na kufunikwa kwa matao ya mawe, kiasi kwamba mgeni hupotea hata akiwa hatua chache tu kutoka uwanja wa kanisa. Mawe ya njia hayako sawasawa, kwa hiyo mama avae viatu vya soli imara, lakini hakuna mpando wa kumtisha.

Pyrgi iko karibu na hapo na haifanani na kijiji kingine chochote. Fundi hupaka ukuta lipu ya mchanga wa kijivu, akaifunika kwa chokaa nyeupe, kisha akaikwangua chokaa hiyo kwa pembetatu, miraba na duara mpaka rangi ya chini ijitokeze. Mapambo hayo, ambayo wenyeji huyaita xysta, yamefunika kuta za nyumba nyingi, na mama anaweza kuyatazama akiwa ameketi mkahawani. Msiache pia kuuliza habari za mastika, utomvu ulioleta utajiri uliowafanya watawala wajali ulinzi wa vijiji hivi. Miti yake huchanjwa wakati wa kiangazi, na ikifika Septemba watu huonekana milangoni mwao wakiusafisha utomvu chembe kwa chembe. Makumbusho ya Mastika, nje kidogo ya Pyrgi, inaieleza kazi hiyo vizuri.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu Mesta, ila kubaki kusini tu ni kuikosa sehemu nzito zaidi ya historia ya kisiwa. Nea Moni ilijengwa katika karne ya 11 kwa ufadhili wa mfalme Konstantino wa Tisa wa Bizanti, na picha zake za vijiwe vya rangi juu ya usuli wa dhahabu ni miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO iiingize kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1990. Gari hufika karibu na lango. Karibu na lango hilo kuna kikanisa kilichohifadhi mafuvu ya watu waliouawa na majeshi ya Waothmani (dola ya Waturuki) mwaka 1822. Mwambie mama mapema, kwa maana si kila mtu angependa kuyaona. Nendeni asubuhi, kwa sababu watawa hufunga mchana, na mvae nguo za heshima.

Anavatos ni suala jingine. Nyumba zake za mawe, ambazo karibu zote ni tupu, zimeng'ang'ania ukingo wa jabali, na njia ya kufika juu ni mpando mtupu. Kwa mama yako ningesema aitazame kutoka chini, barabarani, ambako kwa kweli ndiko inakopendeza zaidi.

Jibu la tatu

Kwa upande wa pwani, nendeni Mavra Volia, karibu na kijiji cha Emporios, ambako mawe meusi laini yaliyotokana na volkano yameifunika pwani yote na kuyafanya maji yaonekane ya buluu nzito. Kutoka penye maegesho ni mwendo mfupi. Kukanyaga mawe hayo kunachosha magoti, kwa hiyo kama mama hana nia ya kuogelea, mwandalieni kiti cha kukunja pale njia inapoishia.