Tupeane uzoefu: wazazi wanene, mtoto naye ndiyo hivyo

Wadau, habari zenu. Mimi na mume wangu ni wanene tangu ujana. Wote tumemaliza chuo kikuu, maandishi ya kwenye pakiti za vyakula tunayasoma na kuyaelewa. Binti yetu ana miaka 8. Wiki iliyopita muuguzi kampima urefu na uzito, kaangalia chati ya umri wake, kasema unene umepitiliza. Nikataka kubisha! Machoni mwangu mtoto kanawiri tu. Wenye watoto wa hivi, kwenu ilikuwaje?

*

Dada, hauko peke yako. Mimi wangu nilikuwa namlinganisha na mwili wangu, namwona mwembamba. Ila kosa langu kubwa lilikuja baadaye: nilimwambia "punguza kula" mbele ya wageni. Akaanza kula kwa kujificha. Ilinichukua mwaka mzima kumrudisha mezani.

*

Shule mimi niliishia njiani. Nina watoto wawili, chungu kimoja, mmoja mnene kama mimi, mwenzake ufito kama baba yake. Kuna cha damu hapo, msinibishie. Nilichofanya ni kuacha kuingiza vinywaji vya sukari ndani. Walivililia siku tatu, ya nne kimya.

*

Nafanya kazi kliniki ya watoto. Cha damu kipo kweli: jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, inagusa hamu ya kula. Na utafiti wa Marekani wa 1997 ulionyesha kuwa mtoto wa chini ya miaka 10 mwenye mzazi mnene, uwezekano wake wa kunenepa ukubwani ni zaidi ya maradufu, hata kama leo ni mwembamba. Kwa hiyo huyo ufito naye aangaliwe. Elimu ina mambo yake: nchi tajiri, wanaonenepa zaidi ni watoto wa wazazi wenye elimu ndogo, nchi maskini mara nyingi ni kinyume, wa wasomi ndio wanaopelekwa kila mahali kwa gari.

*

Msomi mwingine hapa. Kujua tunajua, muda ndio hatuna. Wangu anakula mbele ya televisheni, anatusubiri mpaka saa tano usiku ndipo alale.

*

Mleta mada narudi. Wa televisheni, umenisema mimi. Jana baada ya kula tumetoka watatu kutembea. Mume wangu ndiye aliyeomba kupumzika wa kwanza, binti kamcheka mpaka tunafika nyumbani. Leo kaniuliza tunatoka saa ngapi.