Naombeni ushauri, mtoto wa miaka 3 nimpeleke wapi?
Habari zenu wapendwa, mwanangu ana miaka 3 na miezi miwili, tuko Mbagala, dada wa kazi kaondoka ghafla mwenzenu nimebaki nahangaika. Jirani kuna dei kea, nilivyochungulia nikakuta watoto kama 20 na dada wawili tu, wamejazana kwenye mkeka wanaangalia katuni. Chekechea ya pili wanavaa yunifomu na homuweki juu, sasa huyu wangu penseli yenyewe anaitafuna jamani! Awali ya serikali haina ada ila hapa kwetu wanataka afike 5.

Mliopitia hii mlifanyaje? Na ukienda kukagua unaanza na nini, choo, walimu, au kile cheti cha usajili cha ustawi wa jamii?