Mhariri anasema namchukia mhusika wangu. Kaiona wapi chuki?

KalamuButu: Wakuu, naombeni msaada. Nimeandika hadithi ya mzee anayegombana na wanawe kuhusu urithi. Nilijitahidi sana nisimhukumu. Hakuna mahali nilipomwita mbaya wala mchoyo. Mhariri karudisha mswada na maneno haya pembeni: "Unamchukia huyu mzee." Nimeusoma mara 3, sijaona kitu.

Msomaji7: Weka kipande tukione.

KalamuButu: "Kibabu kile kiliingia sebuleni, kikakohoa, kikaketi. Eti kimekuja kuzungumza. Mwanawe wa kwanza aliinuka, akakitazama."

BiNukta: Ndugu yangu, hapo ushajikamata mwenyewe! Ungeandika "kibabu yule aliingia", tungecheka naye. Wewe umemtia kwenye ngeli ya ki-vi, ile ya vitu, halafu ukauvuta upatanisho mpaka mwisho: kile, kiliingia, kikakohoa. Amekuwa kiti. Mwanawe, kwa upande wake, kabaki mtu: "aliinuka".

Na hiyo "eti" ni ya nani? Hakuna mhusika anayesema hapo, basi ni yako. Nimesahihisha miswada mingi. Watu hufuta vivumishi wakidhani wamefuta na hisia, kumbe zimejificha kwenye viambishi. Tazama pia vitenzi. Kama mmoja "anasema" na mwenzake kila mara "anadai", msomaji keshajua unamwamini nani.

Hata mapenzi hujianika. Niliwahi kuandika habari za mwanamke niliyemwonea huruma kwelikweli. Niliporudia kusoma nikakuta aliachwa, aliambiwa, alipelekwa, alihurumiwa. Kurasa 20 na hakuna alilotenda yeye, hata kufunga mlango. Ile niliyoiita huruma ilinionesha nilivyokuwa nikiwafikiria wanawake, nami ni mwanamke. Niliona haya.

Mzee_wa_Vina: Nakubali nusu. Msimulizi si mwandishi. Kama anayesimulia ni mmoja wa watoto walionyimwa, dharau hiyo ni yake na hadithi inaihitaji. Mhariri asiifute.

BiNukta: Sawa, lakini tuambiwe ni nani anayesimulia.

KalamuButu: Hakuna. Ni nafsi ya tatu tu, haina jina wala haihusiki na ugomvi. Nimeurudia mswada sasa hivi nikihesabu. "Kibabu" mara 14. "Mzee" mara 1, pale anapokufa. Na hapo ngeli imebadilika yenyewe: "alilala, akanyamaza." Wallahi sikumbuki kuipanga hiyo. Sasa sijui nianze kusahihisha wapi, kule mwanzo au hapo anapokufa.